Mkono wa Kitasa Uliolegea: Namna ya Kuukaza na Kuutengeneza Nyumbani

Katika nyumba nyingi za kata zetu upo mlango mmoja ambao wenyeji peke yao ndio wanaojua namna yake. Mgeni akitaka kuufungua huambiwa, "Uinue kidogo, kisha uvute." Mkono wa kitasa unacheza, unaning'inia upande, na siku nyingine hubaki kiganjani mwa anayeuvuta. Wenyeji wamekwisha kuuzoea, na kwa kuwa wameuzoea hawauhesabu tena kuwa ni ubovu. Somo la toleo hili linahusu ubovu huo: unavyoanza, unavyokaguliwa, na unavyoweza kutengenezwa na mtu asiye fundi, kwa bisibisi na saa moja ya mchana.

Huenda jambo hili likaonekana dogo mno kwa jarida la Halmashauri ambalo kwa kawaida hubeba habari za maji, barabara na zahanati. Liko sababu moja kubwa ya kuliandika. Nyumba zetu nyingi zimewekwa nondo madirishani ili kuzuia wezi, nayo ni tahadhari inayoeleweka. Lakini chumba chenye nondo dirishani kimebakiwa na njia moja tu ya kutokea, yaani mlango. Na mlango uliofungwa hufunguka kwa kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kiganja. Kipande hicho kikizunguka bure usiku, huku moshi ukiingia chumbani, nondo zilizowekwa kumlinda mwenye nyumba ndizo zitakazomzuia asitoke. Mwezi Machi 2001, wanafunzi 67 wa Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos nchini Kenya, walipoteza maisha bweni lao lilipoungua. Madirisha yalikuwa na nondo, na mmoja kati ya milango miwili ulikuwa umefungwa. Bweni si nyumba ya familia, wala msiba ule haukusababishwa na kitasa kibovu. Lakini hesabu ya njia za kutokea ni ile ile katika bweni na katika chumba cha kulala.

Hata pasipo moto, mkono uliolegea una madhara yake. Mtoto wa miaka minne huingia chooni, akabana mlango, kisha akashindwa kutoka. Mzee huteleza bafuni, na wanaokuja kumsaidia wakabaki wakihangaika na mkono unaozunguka bila kuvuta kitu. Mambo ya namna hii hutokea ghafla, wakati hakuna mwenye subira ya kutafuta bisibisi.

Sehemu za kitasa

Kabla ya kugusa chochote inafaa kujua kinachoguswa. Kitasa kilichozoeleka zaidi katika milango ya mbao ni kile kinachozamishwa ndani ya unene wa ubao. Sanduku lake la chuma halionekani mlango ukiwa umefungwa; ukiufungua, utaona ukingoni mwa mlango bamba jembamba na ulimi unaotokeza kwa kusukumwa na springi. Kila upande wa mlango una mkono mmoja, ambao wengine huuita mshikio na wengine hendo, na mikono hiyo miwili huunganishwa na chuma cha pembe nne kinachopenya katikati ya sanduku. Katika somo hili tutakiita chuma hicho mhimili. Mhimili wa vitasa vingi una unene wa milimita 8. Ukibonyeza mkono, mhimili huzunguka. Mhimili ukizunguka, huurudisha ulimi ndani, na mlango ukafunguka. Mikono yenyewe hukaa juu ya mabamba mawili, moja kila upande, yaliyokazwa kwenye mbao kwa skrubu, ambazo mafundi wengine huziita parafujo.

Milango ya kale ya Mji Mkongwe wa Unguja haikuijua taabu hii. Ilikuwa na mbao mbili zinazokutana kwenye mfaa wa katikati, ikafungwa kwa komeo kwa ndani na kwa mnyororo na kufuli kwa nje. Hapakuwa na mkono wa kulegea. Sisi tumepokea kitasa cha kisasa kwa wepesi wake, na wepesi huo una sharti la kukazwa mara kwa mara.

Mlango usifungwe wakati wa kazi

Kanuni ya kwanza ya kazi hii inahusu mlango kabla ya kuhusu kitasa. Uache wazi, uuwekee jiwe au kabari chini, au uuzuie kwa kiti kizito. Upepo ukiubamiza wakati mikono yote miwili imeondolewa, umejifungia, na mhimili unaoweza kukutoa huenda uko upande wa pili wa mlango. Mafundi wenye uzoefu huuweka mhimili mfukoni mara tu wanapouchomoa. Kama uko peke yako nyumbani, chukua tahadhari ya ziada na mwarifu jirani.

Vifaa ni vichache: bisibisi bapa, bisibisi nyota, koleo, penseli, na kwa vitasa vya kisasa kifunguo kidogo cha pembe sita chenye umbo la herufi L. Chagua bisibisi inayojaa vizuri kwenye kichwa cha skrubu. Bisibisi ndogo huteleza na kukikwangua kichwa, na skrubu iliyokwanguliwa kichwa ni kazi mpya juu ya kazi. Ikiwa imekwisha kukwanguka, weka kipande cha mpira mwembamba kati ya bisibisi na skrubu, kandamiza kwa nguvu, kisha zungusha polepole. Mara nyingi itashika.

Sasa shika mkono na uutikise ukiangalia kwa makini ni kitu gani kinachocheza. Huu ndio uchunguzi wote, na hauhitaji zaidi ya dakika moja. Ikiwa bamba limetulia na mkono pekee ndio unaocheza, ubovu uko mahali mkono unaposhika mhimili. Ikiwa mkono na bamba vinatikisika pamoja, ubovu uko katika skrubu za bamba au katika mbao. Ikiwa vyote vimetulia lakini mkono unaning'inia bila kurudi juu, springi imechoka au imekatika. Na ikiwa kila kitu kiko imara na bado mlango haufunguki mpaka uinuliwe, kitasa hakina kosa, tutafika huko.

Mkono unapocheza na bamba limetulia

Tazama shingo ya mkono, sehemu inayoingia kwenye bamba. Kwa chini au kwa ubavuni utaona tundu dogo lenye skrubu fupi isiyo na kichwa. Kazi yake ni kuubana mkono juu ya mhimili. Ingiza kifunguo cha pembe sita, au bisibisi ndogo bapa kama skrubu ina mfereji, uzungushe kuelekea kulia kama mishale ya saa inavyokwenda. Ikikaza na mkono ukatulia, kazi imekwisha.

Ikilegea tena baada ya siku chache, fungua skrubu hiyo na uuvute mkono kutoka kwenye mhimili. Angalia mambo mawili. La kwanza ni mahali ncha ya skrubu inapogusa. Inatakiwa ikae juu ya ubapa wa mhimili; ikikaa juu ya pembe, itateleza kila mlango unapofunguliwa, hata uikaze namna gani. La pili ni mhimili wenyewe. Yapo makosa ya upachikaji ambapo umesukumwa zaidi upande mmoja, hata mkono wa upande wa pili ukashika ncha tu. Usogeze ukae katikati, pande mbili zipate urefu ulio sawa, kisha urudishe mikono na kukaza.

Skrubu ndogo ya namna hii hulegea kwa sababu hutikiswa kila siku. Tone moja la rangi ya kucha juu ya nyuzi zake kabla ya kuikaza huizuia isijifungue, na siku ukitaka kuifungua itakubali kwa nguvu kidogo. Gundi ya papo kwa papo haifai hapa. Huweza kutiririka hadi kwenye bamba na kuugandisha mkono wote, na hapo mwenye nyumba atakuwa amebadilisha ubovu mdogo kwa mkubwa.

Pembe za mhimili zikiwa zimelika hadi ukawa karibu mviringo, hakuna skrubu itakayousaidia. Mhimili huuzwa peke yake katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi; nenda na ule wa zamani ili ulinganishe unene na urefu. Ukiwa mrefu mno hukatwa kwa msumeno wa chuma.

Bamba linapotikisika

Hapa ndipo ubovu ulio mwingi hupatikana, na hapa ndipo tiba zisizo tiba zimekuwa nyingi zaidi. Skrubu ya bamba hushika kwa sababu nyuzi zake zimejikata njia ndani ya mbao. Kila mkono unapovutwa kwa nguvu, nyuzi hizo hutafuna mbao kidogo, tundu likapanuka, na mwisho skrubu huzunguka bila kukaza. Wengi hapo huondoa skrubu na kupigilia msumari. Msumari hupasua mbao, hauwezi kung'olewa bila kuharibu bamba, na ukielekea vibaya huingia hadi kwenye sanduku na kuuzuia ulimi usirudi. Wengine hujaza tundu kwa kipande cha mfuko wa plastiki, ambao kwa vyovyote haupaswi kuwamo nyumbani tangu mifuko ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019. Plastiki huteleza, haishiki skrubu, na haishikani na gundi ya mbao.

Tiba ya kweli ni kurudisha mbao mahali mbao ilipotoka. Ondoa skrubu za bamba la upande mmoja, usafishe tundu kwa kulipuliza vumbi, kisha chukua njiti za kiberiti zilizokatwa vichwa, au vijiti vya kuchokonolea meno, uvichovye katika gundi nyeupe ya mbao ambayo maseremala huitumia kuunganishia fanicha. Visukume ndani ya tundu mpaka kisiingie kingine. Futa gundi iliyomwagika kwa kitambaa chenye unyevu. Acha ikauke mpaka kesho yake; hapa ndipo wengi huharibu kazi, kwa kukaza skrubu gundi ikiwa bado laini. Ikishakauka, kata vilivyochomoza kwa kisu usawa wa mbao, toboa alama ndogo katikati kwa ncha ya msumari mwembamba, kisha urudishe skrubu kwa mkono. Paka nyuzi zake nta ya mshumaa na itaingia kwa urahisi. Wako wanaotumia sabuni. Sabuni huvuta unyevu na kuileta kutu mapema.

Ikiwa tundu limepanuka kuliko njiti zinavyoweza kujaza, chonga kijiti cha mti mgumu, mkongo au mninga ukipatikana, kipate unene wa tundu, ukipake gundi na kukigongea ndani kwa upole. Seremala yeyote atakupa kipande kama hicho kutoka katika masalia yake.

Njia nyingine ni kutumia skrubu ndefu zaidi, na kwa bawaba ni njia njema. Kwa kitasa inahitaji hadhari. Chukua mfano wa mlango wenye unene wa milimita 40 na sanduku la kitasa lenye unene wa milimita 16 lililokaa katikati. Kila upande utabaki na mbao ya milimita 12 tu. Skrubu itakayopita kiasi hicho mbele ya sanduku itagota kwenye chuma, na ikilazimishwa itakibana kitasa. Skrubu za juu na za chini katika mabamba marefu huenda zikawa nje ya eneo la sanduku, nazo zinaweza kuongezwa urefu kidogo. Pima kabla ya kununua.

Milango ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa mbao nyembamba mbili zilizobandikwa juu ya fremu, katikati ikiwa wazi, ina tatizo lake. Skrubu haina cha kushika isipokuwa ngozi ya nje, na ngozi hiyo huchanika. Kwa mlango wa namna hiyo, acha skrubu za mbao. Tumia boliti nyembamba zinazopenya kutoka bamba la upande mmoja hadi bamba la upande wa pili, na kukazwa kwa nati, ili mabamba mawili yabanane yenyewe na mlango uwe katikati yao. Kaza kwa kiasi; ukizidisha, mbao hubonyea.

Kwa wakazi wa ukanda wa pwani, chumvi iliyomo hewani huzila skrubu za chuma cha kawaida upesi. Gharama ya skrubu za chuma kisichoshika kutu ni kubwa kidogo, nasi tunaona inastahili kulipwa kwa mlango wa nje.

Mkono unaoning'inia, na kitasa cha mviringo

Springi iliyokatika haina dawa ya nyumbani inayodumu. Wapo wanaofunga mpira wa baiskeli ili uuvute mkono juu, na kwa siku mbili tatu hufaa. Baada ya hapo ni kununua kitasa kingine. Vivyo hivyo mkono uliovunjika shingoni: mikono mingi ya bei nafuu humiminwa kwa aloi ya zinki, na mchomeleaji wa mtaani hawezi kuiunga ikarudi na nguvu yake.

Kitasa cha mviringo, kile cha kushika kama tufe, hufunguliwa kwa namna tofauti. Shingoni mwake kuna kitundu. Ingiza ncha ya msumari mwembamba ubonyeze kijino cha ndani huku ukilivuta tufe, nalo litachomoka. Bandua kifuniko cha duara kilicho chini yake, na utaona skrubu mbili ndefu zinazounganisha pande mbili. Zikaze kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, ili kitasa kisikae upande.

Kosa linapokuwa la mlango

Tumefika kwenye jambo ambalo mafundi wengi hulijua na wenye nyumba wengi hawaambiwi. Mkono unaolegea kila baada ya miezi miwili, licha ya kukazwa vizuri, mara nyingi hauna kosa. Unaonewa na mlango.

Mlango hubebwa na bawaba, na bawaba ya juu ndiyo inayobeba mvuto mkubwa zaidi. Skrubu zake zikilegea, mlango huinama kuelekea upande wa kitasa. Ulimi haukutani tena na tundu lake kwenye mwimo, na kila anayetaka kufunga au kufungua hulazimika kuuinua mlango wote kwa mkono wa kitasa. Mkono haukutengenezwa kwa ajili ya kubeba mlango. Ili kujua, fungua mlango nusu, shika ukingo wake chini ya kitasa na uunyanyue. Ukiona bawaba ya juu inacheza, umepata chanzo. Tazama pia pembe ya juu ya mlango iliyo upande wa kitasa, na ukingo wa chini: penye mkwaruzo, rangi itakuwa imekwanguka.

Weka kabari chini ya mlango upande wa kitasa mpaka usimame sawa, kisha kaza skrubu za bawaba ya juu. Zikizunguka bure, zijazie njiti na gundi kama ilivyoelezwa, au zibadilishe kwa ndefu zitakazofika ndani ya mwimo. Baada ya hapo jaribu kufunga. Ulimi ukiwa bado unagota juu au chini ya tundu kwa kiasi cha milimita moja au mbili, ni rahisi kulipanua tundu la bamba la mwimo kwa tupa kuliko kuuhamisha mlango.

Msimu nao una neno lake. Mbao hunyonya unyevu wakati wa masika na kuvimba. Mlango uliokuwa mwepesi mwezi Januari hubana mwezi Aprili, watu huuvuta kwa nguvu, na skrubu za kitasa ndizo zinazolipa. Mwenye nyumba akiwa na haraka huita fundi aupige randa wakati huo huo, na kiangazi kikifika mlango unapwaya na kupitisha upepo. Ni afadhali kuondoa kidogo tu pale panapogusa, kisha kupaka rangi au vanishi kwenye ukingo wa juu na wa chini mbao zikishakauka. Kingo hizo mbili hazionekani, kwa hiyo mara nyingi husahauliwa na wapaka rangi, na unyevu huingia kupitia hapo.

Yapo pia mazoea ya nyumbani: vikapu vya sokoni vinavyotundikwa kwenye mkono wa kitasa, mikoba ya shule, watoto wanaoning'inia na kubembea. Msumari mmoja ukutani kwa ajili ya vikapu utaokoa skrubu nyingi.

Na kuhusu mafuta: mafuta ya kupikia yasitiwe kwenye kitasa. Huganda, hushika vumbi, na baada ya muda huufanya ulimi uwe mzito kuliko mwanzo. Tone la mafuta ya cherehani kwenye ulimi latosha. Kwa tundu la ufunguo, saga ncha ya penseli, paka unga wake mweusi kwenye ufunguo, uuingize na kuutoa mara kadhaa.

Mtu akifungiwa ndani

Akifungiwa mtoto, kwanza zungumza naye kwa sauti ya utulivu na umwambie asogee mbali na mlango. Usianze kwa kuuvunja. Mtoto huenda amesimama nyuma yake. Ikiwa mkono umechomoka lakini mhimili umebaki, ushike kwa koleo na uuzungushe. Ikiwa mhimili umetoka, tundu la pembe nne litakuwa wazi: ingiza bisibisi bapa inayojaa kutoka pembe hadi pembe, au ncha za mkasi uliofungwa, na uzungushe upande ule ule ambao mkono ungezunguka. Mzunguko mdogo, usiofika robo, unatosha kuurudisha ulimi. Wakati huo mtu mwingine ausukume au auvute mlango, kwa kuwa ulimi ukiachiwa hurudi mara moja.

Aliyefungiwa ndani ya chumba ambacho mlango wake hufunguka kuelekea ndani ana faida moja: bawaba ziko upande wake. Kama zina pini za kuchomoka, zaweza kugongwa kutoka chini kwenda juu, ya chini kwanza na ya juu mwisho. Penye moshi, au mtu aliyezimia ndani, piga simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wakati mwenzako anaendelea kujaribu. Hapo mlango hauna thamani tena, uvunjwe.

Kwa milango ya vyoo vya wazee na watoto, tunashauri komeo lenye mfereji kwa nje unaozungushwa kwa sarafu. Kwa mlango mkuu, ufunguo wa usiku uwe na mahali pake pa kudumu karibu na mlango, panapojulikana na kila aliye nyumbani, lakini pasipofikiwa kwa mkono kupitia dirishani.

Fundi, mwenye nyumba, na majengo ya umma

Kazi nyingine zisifanywe na asiyezijua. Mlango wa nje ambao usalama wa nyumba unautegemea, mlango wa alumini, na kitasa kinachohitaji kuchimbiwa upya ni kazi za fundi. Vijana waliopata mafunzo ya useremala katika vyuo vya VETA wapo katika kata nyingi, na si vibaya kuomba kuona cheti. Mwambie fundi ulichokiona ulipotikisa mkono. Fundi mwema atafurahi, na asiye mwema atajua kwamba huwezi kuuziwa kitasa kizima kwa sababu ya skrubu moja. Kama ni lazima kununua, ondoa kitasa cha zamani uende nacho dukani. Umbali kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya mhimili, na kutoka mhimili hadi tundu la ufunguo, hutofautiana kati ya kitasa na kitasa, na tofauti ya milimita chache humaanisha kuchimba mlango upya.

Mpangaji azungumze na mwenye nyumba kabla ya kubadilisha kitasa, hata akiwa tayari kulipa mwenyewe. Kukaza skrubu hakuhitaji ruhusa ya mtu. Kubadilisha kitasa hubadilisha funguo, na hilo limeleta ugomvi katika nyumba nyingi za kupanga. Akikubaliwa, atunze risiti na kitasa cha zamani.

Milango ya madarasa, ya zahanati na ya ofisi za vijiji ni mali ya umma, na mkazi hatakiwi kuitengeneza kwa hiari yake hata kama anaweza. Anachotakiwa ni kutoa taarifa kwa mwalimu mkuu, kwa mganga mfawidhi au kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, akitaja jengo, chumba, na kama mlango haufungi au haufunguki. Tofauti hiyo itajwe wazi. Mlango usiofungwa unaweza kungoja mpaka kesho. Usiofunguka kutoka ndani, chumba chake kisitumiwe na watoto wala wagonjwa mpaka utengenezwe.